Mwaka wa Kitulizo

Jumamosi iliyopita tulimzika Mzee Shechambo shambani kwake, chini kidogo ya barabara ya kwenda Kwai, na nilipopewa koleo nitupie udongo, mkono ulinigoma. Watu walidhani ni uzee. Kijana mmoja akanishika kiwiko, "Pole bibi, nikusaidie," nikamkazia macho mpaka akaniachia. Uzee gani? Nina miaka sabini na mitatu na ndoo yangu ya maji najibebea mwenyewe. Mkono uligoma kwa sababu ng'ambo ya kaburi, katikati ya akina mama wa kanisa waliovaa vitenge vya sare, alikuwa amesimama Tabitha, ambaye sikuwa nimemwona tangu mwaka ule, na alikuwa ananitazama mimi, si jeneza. Nilitupa udongo kwa mkono mtupu, nikajificha nyuma ya kwaya.

Mambo ya wazazi wangu na ya utoto wangu hayana kazi katika sura hii. Sura hii ni ya mwaka mmoja, mwaka niliofika Lushoto nikiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha ufundi wa umeme kikiwa kimekunjwa ndani ya Biblia ili kisilowe mvua. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Fedha za kigeni hakuna, vipuri hakuna, kila mkutano unaambiwa kujitegemea, na sisi wa hospitali ya misheni tulijitegemea kwa kufumua redio zilizokufa ili tuponye zilizo mahututi. Karakana ilikuwa kwenye chumba ambacho zamani Wajerumani walihifadhia maziwa: kuta za mawe, sakafu yenye mfereji katikati, kulabu kwenye dari. Siku za ukungu, na huko ukungu hauombi ruhusa, harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa ikitoka ukutani na kuchanganyika na moshi wa lehemu. Mpaka leo nikishika chuma cha kulehemu nasikia harufu ya mtindi.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Shechambo. Mtu mfupi, mkali, mchoyo wa lehemu kupita kiasi; alikuwa anakusanya matone yaliyodondoka mezani na kuyayeyusha upya. Chuo hakukiona. Alijifunza ufundi kwenye mashamba ya chai, kisha jeshini, kisha kwa kuharibu. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza, "Wameniletea nesi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Wamekuletea fundi." Akaitikia marahaba, akacheka kidogo, akanipa ufagio. Nilifagia siku tatu. Siku ya nne akanionyesha mtambo wake.

Ulikuwa sanduku la bati, ukubwa wa debe la mafuta ya taa. Zahanati ya mwisho kabisa katika eneo letu, kupita Mgwashi na kupanda tena, sisi tukiiita Zahanati ya Juu, ilikuwa na redio ya upepo ya kizamani iliyotaka volti mia tatu ili itume sauti, na pale hapakuwa na umeme ila betri ya Land Rover, volti kumi na mbili. Mtambo wa Mzee ndio uliozipandisha. Ndani yake transista ilikuwa ikikata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, koili na kapasita zikiulainisha, na kiasi kidogo cha umeme uliotoka kikarudishwa nyuma kupeleka taarifa: umepungua, ongeza, umezidi, punguza. Huo ndio mrejesho. Mtoto wa shule anaweza kuuelewa. Ugumu ni kwamba taarifa ikipita kwenye koili na kapasita huchelewa. Mtambo unaambiwa umepungua wakati umeshajaa, nao unaongeza. Unaambiwa umezidi wakati umeshashuka, nao unapunguza. Umewahi kukutana na mtu kwenye kinjia cha mlimani, wewe ukaenda kulia naye kulia, ukarudi kushoto naye kushoto? Ndivyo unavyofanya mtambo wenye haraka, ila wenyewe hauchoki wala hauoni haya, unayumba zaidi na zaidi mpaka kitu kikatike.

Chuoni dawa ya tatizo hilo tulifundishwa kwa Kiingereza, na katika daftari langu mimi niliitafsiri "fidia". Mzee aliliona neno hilo akaangua kicheko. "Fidia ya nini, binti? Kuna mtu kagongwa na gari?" Yeye aliita kitulizo. Kitulizo kilikuwa rezista moja na kapasita mbili zilizofungwa kwenye njia ya mrejesho, si zaidi ya hapo. Kapasita kubwa inauambia mtambo upole, usikurupuke kwa kila unalosikia; rezista inaurudishia wepesi kidogo pale unapouhitaji; kapasita ndogo inaziba kelele. Kuzichagua thamani zake ndiyo kazi yote. Mimi nilizichagua kwa kuchora kwenye karatasi ya mistari, nikipima imebaki pembe ya digrii ngapi kabla mtambo haujaanza kujipinga wenyewe. Mzee alizichagua kwa kuwasha na kuzima balbu mbili za nyumbani upande wa kutokea, huku jicho likiwa kwenye kioo cha kipimo cha mawimbi, akihesabu mabonde. "Bonde moja, nenda kalale. Mabonde mawili, kaombe Mungu. Matatu, rudi mezani." Kisha, kabla mtambo haujatoka karakana, aliulaza nje kwenye ukungu usiku kucha na kuupima tena asubuhi, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nilidhani ni ushirikina wa kizee. Nasema kweli, niliandika hivyo kwenye barua kwa rafiki yangu wa chuo, na tukacheka.

Chumba nilipewa pamoja na Tabitha. Alikuwa nesi na mkunga, msichana wa palepale milimani, mrefu, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya na mdomo usiojua kunyamaza. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja linalotazama miti ya matunda ya plamsi, na jiko la mkaa lililokatazwa ambalo matroni alijifanya halioni. Jumapili jioni tulipika makande, tukayala na mtindi kutoka kwa mama mmoja wa Kwai, tukiwa tumejifunika blanketi moja mabegani. Yeye alikuwa ananifundisha Kishambaa na kuucheka mdomo wangu wa pwani. Mimi nilimfundisha kusoma rangi za rezista, na aliziimba kama zaburi. Ukutani ubao ulikuwa mwembamba na tulisikia yote ya chumba cha pili, nani kaposwa, nani kakataliwa likizo. Sikuwahi kuwa na rafiki kama yule kabla yake, wala baada yake. Miezi minne tu, kisha akapangiwa Zahanati ya Juu, nesi peke yake na mhudumu mmoja, na chumba kikawa kikubwa mno.

Tukabaki kusikiana kwenye redio. Kila asubuhi saa mbili zahanati zote ziliita hospitali kwa zamu, na aliyepokea alikuwa Mzee Yona, karani wa redio, mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni, aliyeandika kila wito katika daftari kubwa. Chumba cha redio kilipakana na karakana, kwa hiyo nilizisikia sauti zote. Na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Kitulizo cha Mzee Shechambo kilikuwa kipole mno. Redio ile huvuta umeme mtu anapoongea, si anapobonyeza tu. Kwa hiyo neno la kwanza likitoka, volti zinaanguka, na mtambo unachukua karibu sekunde nzima kuinuka. Neno la kwanza linaliwa. Zahanati nyingine zilikuwa na redio mpya zaidi, hazikuwa na shida hiyo. Tabitha peke yake ndiye aliyesema, "Shikamoo baba," na huku chini ikafika, "...moo baba."

"Moo!" alikuwa anasema Mzee Yona, kalamu hewani. "Mimi ni ng'ombe?"

Watu wa huko hawachezi na shikamoo. Mzee Yona alikuwa rika la baba yake Tabitha, shemasi wa kanisa, na akaanza kusema kwenye foleni ya chai kwamba yule binti wa Juu unesi umempanda kichwani, anazungumza na wakubwa kana kwamba anaagiza soda. Mzee Shechambo alimweleza, "Mgosi, mtambo unakula neno la kwanza." Mzee Yona akajibu, "Mtambo gani huo unaochagua kula shikamoo tu?" Tukamshauri Tabitha atangulize haloo ili haloo iliwe na shikamoo ipone. Akajaribu. Huku chini ikafika, "Loo! Shikamoo baba," na Mzee Yona akaisukuma spika mbali, uso umemvimba. "Sasa ananishangaa!"

Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tabitha hakucheka. Alishuka mwisho wa mwezi kuchukua dawa, akaketi kwenye kitanda chake cha zamani na koti lake limelowa, akaniambia, "Debora, baba yangu ameitwa na shemasi. Ameulizwa amenilea vipi. Mzee wa watu kanisani, anaulizwa hivyo kwa ajili ya redio! Wewe ni fundi. Nitengenezee."

Nilimwendea Mzee Shechambo. Alikuwa anajiandaa kwenda Dar es Salaam kupasuliwa mtoto wa jicho, na alinijibu huku akifunga mkoba. "Acha uile shikamoo. Sisi watu wa huku tukiulizwa habari tunasema njema, hata kama nyumba inaungua. Njema, ila. Salama, ila. Habari yenyewe iko nyuma ya ila. Mtambo wangu unakula njema na kuiacha ila. Unataka nini tena?" Nikasema, "Lakini mzee, wanamwona hana adabu." Akasema, "Adabu yake ataijua Mungu. Usiufungue." Akaondoka na gari la Mombo, akiwa na mwezi mzima wa kukaa huko Dar es Salaam.

Niliufungua. Tabitha aliushusha kwa mgongo wa mhudumu wake, tukasema ni kufuta vumbi. Nilichora mchoro wangu kwa siku mbili, usiku, nikakuta pembe ya kutosha kabisa, nikang'oa kapasita kubwa ya Mzee nikaweka ndogo, na rezista yake pia nikaibadilisha. Mezani mtambo ulikuwa malaika. Niliwasha balbu: bonde moja, dogo, limekwisha kabla kope haijafumba. Nikawasha na kuzima mara ishirini. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka pembeni yangu, betri ilikuwa mpya, waya wenyewe haukufika urefu wa kiganja. Kuulaza nje kwenye ukungu? Niliona nitachekwa na cheti changu. Ile kapasita ya Mzee na rezista yake nikazitia mfukoni mwa koti la kazi.

Asubuhi ya kwanza nilisimama mlangoni mwa chumba cha redio. "Shikamoo baba," ikaingia nzima, safi, hata pumzi yake ilisikika. Mzee Yona aliweka kalamu chini. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Na jioni kwenye chai akatangaza kwamba binti wa Juu amejirudi. Wiki tatu nilitembea kifua mbele. Nilifurahi, siwezi kusema vinginevyo. Nilikuwa nimemrudishia rafiki yangu heshima yake kwa rezista moja na kapasita moja.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake. Wa pwani hawajui baridi ya mwezi wa saba kule: maji kwenye beseni yanauma, na ukungu unakaa mpaka saa tano. Jumanne moja nikiwa nabana waya karakana nilisikia zamu ya Zahanati ya Juu. "Shikamoo baba." Marahaba, habari za huko? "Huku salama baba—" na hapo pakaingia mluzi mwembamba, mfupi, kisha kimya. Nilidhani ameachia kitufe. Mzee Yona naye alidhani hivyo. Akasema kama alivyosema kila siku, "Vyema, nimepokea," akaandika, akaita zahanati inayofuata.

Kule juu Tabitha alikuwa amesema yote. Tuliyajua mchana. Alisema, "Huku salama baba, ila nina mama amejifungua alfajiri, damu haikatiki, naomba gari sasa hivi." Taa ya sanduku iliwaka wakati wote, maana taa ile, kama upande wa redio wa kusikilizia, ilitoka kwenye betri moja kwa moja. Kisha akasikia kwa masikio yake, kwa sauti ya mtu mzima, "Vyema, nimepokea." Angefanya nini zaidi? Alirudi kwa mgonjwa, akamwambia gari linakuja. Mgonjwa aliitwa Estha, mke wa mkulima wa viazi, huyo mtoto alikuwa wa nne. Walisubiri gari mpaka saa nne na nusu, Tabitha asiweze kumwachia mgonjwa arudi redioni. Ndipo wanaume wakamweka kwenye machela wakaanza kushuka kwa miguu, Tabitha akitembea pembeni ameshika tumbo la yule mama kwa mikono yote miwili. Estha alikata roho darajani, kabla hawajafika nusu ya njia. Mtoto alipona.

Alhamisi kamati ya hospitali ilipanda kuchunguza, nami nikapanda nao kama fundi. Wao walikaribishwa chai kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilitangulia zahanati. Tabitha hakuwepo, alikuwa msibani. Betri niliikuta kwenye kisanduku nje ya ukuta, imeganda kwa baridi, kuukuu, na waya wake mwembamba ukipita dirishani, hatua sita au saba. Niliunganisha balbu zangu nikawasha. Sikuhitaji kioo cha kipimo. Balbu zilipepesa, koili ikapiga ule mluzi niliousikia Jumanne, sindano ya kipimo changu cha volti ikacheza huku na huku, kila mara mbali zaidi, mpaka kinga ya sanduku ikakata umeme. Baridi ilikuwa imezipunguza nguvu kapasita, betri na waya vikaongeza ubishi wao, na ile pembe yangu nzuri ya kwenye karatasi ilikuwa imeliwa yote. Nilikaa sakafuni. Nilijua kila kitu pale pale, hapakuwa na cha kuhesabu.

Mkono ukaingia mfukoni. Kapasita na rezista ya Mzee zilikuwa bado zimo. Nilijiambia kwamba kuna wagonjwa wengine, kwamba wito wa kesho hauwezi kungoja, kwamba fundi akikuta kitu kibovu hukitengeneza. Yote hayo ni kweli na ndiyo maana yaliniponza. Nilirudisha kapasita, nikarudisha rezista, nikafunga sanduku, na kamati ilipoingia ikifuta midomo, mwenyekiti wake akabonyeza akaongea na hospitali dakika tano nzima bila tatizo. "Mtambo mzima," akasema. Nikasema, "Ndiyo."

Mzee Shechambo alirudi Jumamosi, jicho moja limefungwa. Jumatatu Mzee Yona akamnung'unikia mbele yangu: "Yule binti wiki tatu kaniamkia vizuri, tangu Alhamisi kaanza tena moo." Mzee alikuwa anakata waya. Aliacha. Hakugeuka haraka, aliweka koleo mezani, akanitazama kwa lile jicho moja. "Debora, wewe unasemaje?" Nikasema, "Labda ni hali ya hewa, mzee." Akasema, "Haya."

Kamati ilikaa Jumatano, ofisi ya katibu, na mimi niliwekwa kwenye benchi nje ya mlango ningoje kuitwa. Ukuta ulikuwa wa mbao. Nilimsikia Mzee Yona akisoma daftari lake: Zahanati ya Juu, salama. Nilimsikia Tabitha. Sauti yake ya kwaya ilikuwa imekauka. "Nilisema damu. Nilisema gari sasa hivi. Wazee wangu, nilisema!" Mtu akamuuliza kwa upole, upole ule unaoudhi, kama haiwezekani kwamba kwa uchovu na hofu alisema salama kisha akanyamaza. Akarudia kwamba alisema. Kisha nikamsikia Mzee Shechambo: "Mtambo ni kazi ya mikono yangu. Ninaamini uliyumba." Una ushahidi? "Mluzi. Karani anasema alisikia mluzi. Na salamu zinavyofika." Kuna mtu akacheka, kikohozi cha kucheka. Wakaniita.

Nakumbuka maua ya plastiki mezani na chupa ya chai yenye picha ya kasuku. Tabitha alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Aliponiona uso ulimfunguka, akapumua. Aliamini kwamba nimekuja kumtoa. Mwenyekiti akauliza, "Fundi, ulipoukagua, mtambo ulikuwaje?" Nikasema, "Ulifanya kazi vizuri mbele ya kamati." Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeipima miaka yote hii, kila silabi ni kweli. Mzee Shechambo aliinamisha kichwa. Tabitha hakunitazama tena.

Alifutwa unesi wiki ile. Mzee hakunigombeza hata siku moja, angalau angenigombeza! Alifanya kazi akiwa amenipa mgongo, na alipotaka kitu alikifuata mwenyewe. Mwisho wa mwaka niliomba uhamisho, naye kwenye fomu, mahali pa maoni ya mkuu wa kazi, akaandika maneno mawili: Anajua kazi. Nikaenda Dar es Salaam, baadaye Tanga, nikawa mwalimu wa chuo. Nimefundisha vizazi vya mafundi kuchagua kitulizo. Niliwalazimisha walaze mitambo yao kwenye jokofu, waipime kwa betri kuukuu na waya mrefu, na wakilalamika niliwafokea mpaka jina langu likawa Mama Baridi. Walidhani nina wazimu wa usahihi. Hakuna hata mmoja niliyemwambia sababu. Kila mwaka nilisema likizo hii nitapanda Lushoto, na kila mwaka nilikuta jambo.

Baada ya mazishi akina mama walirudi kwenye masufuria, na mimi nikashindwa kuondoka. Tabitha alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, kando ya gunia, akimenya viazi. Amepungua, ule urefu umekunjika, lakini ni yeye. Nikavuta gogo nikakaa mbele yake. Hakunipa kisu. Nilimwambia yote, kuanzia kapasita niliyoing'oa mpaka ile niliyoirudisha, na lile jibu langu mbele ya kamati. Nilisema bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika nitaanza kujitetea. Maganda yaliendelea kudondoka. Nilingoja anitukane, anipige na kile kisu kama anataka.

"Kwa hiyo niliita," akasema.

"Uliita."

"Nilisema damu."

"Ulisema, Tabitha. Ulisema yote. Mtambo ulikufa katikati, kwa kazi ya mkono wangu."

Akaacha kumenya. "Unajua kijijini waliniitaje? Nesi Salama. Watoto wadogo, wasiojua hata maana yake. Yule mtoto wa Estha alilelewa kwa shangazi yake, nikipita anafichwa. Sawa, hayo niliyabeba." Alikuwa anakitazama kiazi mkononi. "Lakini watu wakikuambia kitu miaka na miaka, Debora. Kwanza nilikataa, nikaulaumu mtambo, ila wewe uliyeufungua ulisema ni mzima. Halafu nikaanza kuwaza, labda kweli. Nilikuwa sijalala siku mbili. Labda nilisema salama nikanyamaza, hayo mengine nikayasema moyoni. Nimemwomba Mungu msamaha kwa hilo. Nimemwomba Estha. Kila Jumapili, kwenye toba, nimetubu hilo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake miaka karibu hamsini. Kwa hilo sikujiandaa. Nilidhani nilimnyang'anya kazi tu.

"Sema tena," akasema.

"Uliita."

"Si kwangu." Akageuza kichwa, akawaita kwa Kishambaa wale waliokuwa kwenye masufuria, wote, wazee kwa wasichana, wakaja wanafuta mikono kwenye kanga. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye mwiko mkononi, alisimama mbali na wenzake, asimsogelee Tabitha, na nikajua ni mtoto wa nani kabla sijaambiwa. Tabitha alinielekezea kwake kwa ncha ya kisu.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie, kwamba naitwa nani na nilifanya nini, na kwamba huyu nesi aliomba gari. Yule mama alinitazama bila kupepesa, mwiko ukimdondoshea uji mguuni. Kisha akamgeukia Tabitha, wala hakuwa na haraka, akasema, "Mimi sijawahi kukuamkia." Na machozi yakamshinda Tabitha, yakamshinda kabisa, uso ukiwa wazi mbele ya watu, akawa anasema tu, "Niliita, mwanangu. Niliita."

Akina mama walimzunguka, wakaniacha peke yangu kando ya gunia. Nikaokota kisu kilichomdondoka, nikaanza kumenya viazi, kwa sababu waombolezaji walikuwa wengi na chakula kilikuwa hakijaiva.